Nusu ya Pili ya Wosia wa Bi Kongoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashemeji na majirani wa kusengenyana, hakukuwa na karatasi wala wino. Mtaniuliza, basi mtu akitaka kufa, wosia wake aliuandika wapi? Hakuandika. Alimwita Kasuku.

Kasuku aliingia ndani, mlango ukafungwa, wakabaki wawili, yeye na mgonjwa. Mgonjwa akasema ya moyoni mwake, Kasuku akayashika neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi. Siku ya kusomwa wosia alifungua mdomo, na watu wakaisikia sauti ya marehemu mwenyewe, ile ile.

Tena palikuwa na desturi moja, isikilizeni vizuri. Wosia haukusomwa wote kwa mara moja. Nusu ilisomwa siku ya tatu, nusu siku ya arobaini. Wa zamani hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ndugu wakishasikia yote siku ya tatu, matanga atabaki nayo mfiwa peke yake.

Na kwa anayepinga, sheria ilikuwa hivi: kesi yake iamuliwe kabla ya nusu ya pili. Akishinda, Kasuku anameza yaliyobaki, na hayasikiki tena milele. Akikubali kuyasikiliza, amekubali wosia wote, wa mwanzo na wa mwisho. Mpaka hapo tuko pamoja? Haya, twende.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi Kongoni, na mtoto wake wa pekee, Sikitu, ndama ambaye pembe zake zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza. Mume aliyefariki alimwachia Bi Kongoni chemchemi chini ya kilima cha mawe. Kiangazi kikija, mito ikawa michanga mitupu, chemchemi ile iliendelea kutoa maji. Bi Kongoni hakumzuia mtu kunywa. Alisema tu, "Pangeni foleni, na wadogo watangulie."

Juu ya mawe yale aliishi jirani yake, Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, wa mviringo, mkia hana, na sauti yake akiimba ni kama mlango mbovu. Lakini moyo wake ulikuwa mzuri, na akili yake ilikuwa nyepesi.

Bi Kongoni alipougua, homa ikamshika siku nane mfululizo, alimwita Pimbi.

"Jirani yangu," alisema, "nataka kuweka amana kwako. Ni chemchemi."

Pimbi alishtuka. "Unanipa mimi, dada?"

"Sikupi. Naiweka mikononi mwako. Ningekupa, ungekuwa mwenye mali. Lakini mwenye mali ni Sikitu, na wewe ni mlinzi tu. Usiiuze, usiigawe, usiizungushie miiba. Kila mtu anywe kama sasa. Siku pembe za mwanangu zitakapopinda kama zangu hizi, umkabidhi."

"Dada, mimi ni mdogo. Kwa nini usimpe shemeji yako Nyati? Yule ana nguvu."

Bi Kongoni alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kho! Kho! Kho! "Nyati nikimpa alinde, atalinda mpaka asahau anamlindia nani. Wewe hukuzoea kuchukua, Pimbi. Niahidi."

Pimbi alimtazama. Mifupa ya mabega ilikuwa imejitokeza, macho yameingia ndani.

"Naahidi," alisema.

Ndipo Kasuku alipoitwa, na mlango ukafungwa. Kesho yake adhuhuri Bi Kongoni alifariki. Walimzika karibu na chemchemi.

Siku ya tatu wote walikusanyika. Kasuku alitua juu ya tawi la mgunga, akafumba macho, akafungua mdomo.

"Mimi, Kongoni, mjane. Kho! Kho! Chemchemi ni ya mwanangu Sikitu. Naiweka amana mikononi mwa Pimbi mpaka pembe za mtoto zipinde..."

"Mama!" Sikitu alipiga kelele.

Alikimbia mpaka chini ya mgunga. Akazunguka shina mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, akimtafuta mama yake. Kasuku hakuweza kunyamaza, maana wosia ukianza haukatizwi. Sauti ikaendelea kutoka juu, mtoto akaendelea kuzunguka chini, na watu wazima waliinamisha vichwa. Pimbi alikwenda akasimama kando yake.

Nusu ya kwanza ilipokwisha, mtu mmoja alipiga kwato chini. Pu!

Alikuwa Bwana Nyati. Yeye na mume wa Bi Kongoni walichanjiana damu ujanani, na tangu hapo alijihesabu ndugu wa familia, hasa siku za chakula.

"Nini hiki?" alinguruma. "Chemchemi ya kaka yangu ilindwe na Pimbi? Pimbi! Mtu asiye hata na mkia!"

"Hata mimi nimeshangaa," alisema Bwana Kiboko kwa sauti nzito. Kiboko alikuwa na bwawa upande wa chini, na hoja yake ilikuwa fupi: maji yanatiririkia kwangu, basi mwanzo wake ni wangu pia. "Marehemu alikuwa na homa. Aliyasema hayo hana akili zake. Huyu mdogo amemlaghai mgonjwa!"

"Tunapinga!" alisema Nyati.

"Tunapinga!" alisema Kiboko.

Na kesi ikawekwa siku ya arobaini.

Walikwisha kupatana, wanangu, hata kaburi halijakauka. Nyati angeizungushia miiba sehemu ya juu, anywe yeye na kundi lake. Kiboko angeichimba sehemu ya chini, iwe tope la kulalia. Na Sikitu? Nyati alisema atamlea. Malezi ya Nyati yalijulikana na wote: mtoto wa kuchukuliwa anakula nyuma ya kundi, majani yaliyokwisha kukanyagwa, na anafika majini wa mwisho.

Pimbi alizunguka kutafuta mashahidi. Alikwenda kwa Swala.

"Wewe ulimjulia hali kila siku. Njoo useme kwamba alikuwa na akili timamu."

"Pimbi, ndugu yangu, mimi nina watoto," alisema Swala, na hakumtazama usoni.

Alikwenda kwa Punda Milia, akaambiwa anaumwa mgongo. Alikwenda kwa Nungunungu, akaambiwa amelala, na aliyemwambia hivyo ni Nungunungu mwenyewe. Ndivyo ilivyo. Mnyonge hukosa shahidi hata mbele ya kundi zima lililoona.

Sikitu naye kila asubuhi alikwenda kwa Kasuku.

"Shikamoo, babu. Niambie kidogo tu ya mama yaliyobaki."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku ya arobaini."

"Neno moja?"

"Siwezi. Siku ya arobaini."

Siku ya thelathini na tisa alirudi kwenye mawe, akaketi karibu na Pimbi.

"Mjomba Pimbi, Bwana Nyati akishinda, Kasuku atameza?"

"Atameza."

"Atameza sauti ya mama yangu?"

Pimbi alikuwa akiwaza chemchemi siku zote hizi, chemchemi na ahadi yake, na hili hakuwa amelitazama. Mtoto alikuwa akipoteza maji, ndiyo, lakini alikuwa pia akipoteza maneno ya mwisho ya mama yake, na hayo hayachimbwi mahali pengine. Uchungu ulimpanda Pimbi mpaka masikioni.

Kisha akawaza: mtoto huyu amekwenda kwa Kasuku siku thelathini na sita kwa sababu ya kitu asichokijua. Je, wale wakubwa wawili? Wanaitaka nusu waliyoisikia. Laiti wangeikumbuka nusu wasiyoisikia!

"Sikitu," alisema, "kesho utanisikia nikisema maneno mabaya. Kaa kimya."

"Maneno gani?"

"Sijui bado," alisema Pimbi.

Siku ya arobaini baraza lilijaa. Mwenye baraza alikuwa Bi Mbuni, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikaa, akapanga mabawa yake, akasema, "Wapingaji."

Nyati alitoka mbele. "Mimi ni damu ya familia. Damu ni nzito kuliko maji. Marehemu aliumwa homa siku nane. Nilimsikia kwa masikio yangu akiongea na ukuta!"

"Alikuwa anasali," Swala alinong'ona huko nyuma, lakini hakuna aliyemtaka aseme kwa sauti, na hakusema.

Kiboko alifuata. "Mimi nilikwenda kumjulia hali siku mbili kabla hajafa. Akanitazama, akaniambia, 'Pole, Kiboko, umekonda.' Mimi! Nimekonda! Jamani, hebu nitazameni. Huyo ni mtu mwenye akili timamu?"

Watu walicheka, kwi kwi kwi, japo ilikuwa siku ya msiba. Hata Bi Mbuni alitikisa shingo. Pimbi alijua hapo kwamba baraza linaelemea upande wa pili.

"Pimbi," alisema Bi Mbuni. "Una la kusema?"

Pimbi alipanda juu ya jiwe ili aonekane. Kila mtu alingoja alie na kuomba.

"Ninalo," alisema. "Waheshimiwa hawa wamesema vizuri. Naomba wosia ufutwe."

Vichwa vyote vilimgeukia.

"Mjomba!" Sikitu alilia. Alikuwa ameambiwa anyamaze, lakini ni mtoto. "Mjomba, ulimwahidi mama!"

Neno lile lilimchoma Pimbi kama mwiba wa samaki kooni. Hakugeuka. Angegeuka, angeshindwa.

"Ufutwe wote," alisema kwa haraka, "na ufutwe sasa hivi. Bi Mbuni, usikawie. Kasuku, baba, jiandae kumeza! Meza upesi, jua linapanda!"

Bi Mbuni aliinua bawa ili atoe hukumu. Nyati akakunja uso.

"Ngoja kwanza," alisema. "Pimbi, una haraka gani?"

"Haraka? Mimi? Sina haraka, mzee. Kasuku, meza!"

"Ngoja, nimesema! Unanyang'anywa chemchemi na unachekelea. Mbona?"

Kiboko naye alisogea, dudududu, ardhi ikatikisika. "Kuna nini kwenye hiyo nusu ya pili?"

"Sijui," alisema Pimbi.

Na hapo, wanangu, alisema kweli tupu. Hakujua hata neno moja. Lakini aliisema kweli hiyo huku anatazama chini, anajikuna sikio, anameza mate. Ukweli ukisemwa vibaya hivyo, hakuna anayeuamini.

"Anajua!" alisema Nyati.

"Sijui, mzee wangu. Naapa sijui."

"Anajua, na anaapa!" alisema Kiboko. "Bwana Nyati, fikiri. Nusu ya kwanza imetaja chemchemi tu. Hivi marehemu mume wake hakuwa na kitu kingine?"

Nyati alikodoa macho. "Chumvi," alisema polepole. "Kaka yangu alikuwa na mahali pa kulambia chumvi huko ng'ambo ya kilima. Kila mwezi alikuwa akirudi midomo myeupe. Hakunionyesha mpaka amekufa!"

"Mimi sikutaja chumvi," alisema Pimbi.

"Aha! Mnaona? Anakana kabla hajaulizwa!"

"Kumbe chumvi ipo kweli!" Kiboko alipumua kwa nguvu, puuuf. "Na bila shaka mke aliwakumbuka wakubwa wa familia. Ndiyo maana huyu kibushuti anataka imezwe, tubaki hatujui ilipo, aende ailambe peke yake!"

"Bi Mbuni," alisema Nyati, "tunataka kusikia nusu ya pili."

"Haiwezekani," alisema Bi Mbuni. "Mmepinga. Anayepinga hasikii, na anayesikia hapingi. Mnaujua mwiko huo."

"Basi hatupingi!"

"Usifanye hivyo, mzee," Pimbi alimsihi Nyati, na safari hii sauti yake ilitetemeka kweli. Mtetemo huo haukuwa wa kuigiza. Aliwaza, itakuwaje kama chumvi imo kweli? Itakuwaje kama Bi Kongoni, kwa homa au kwa huruma, amempa Nyati usimamizi katika nusu hii ya pili? Basi Pimbi atakuwa amempoteza mtoto kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nyati alipoona mtetemo ule, shaka ya mwisho ikamtoka. "Tunaapa!" alinguruma.

"Mtaapa kaburini," alisema Bi Mbuni.

Kiapo cha kaburini, katika nchi ile, kilikuwa na adhabu moja tu: anayekivunja, siku atakayokufa hakuna atakayekuja kumzika. Atalala alipoanguka, fisi wamalize. Hata Nyati, na nguvu zake zote, hakuna nguvu inayomsaidia mtu kujizika.

Lakini tamaa ikishika mtu humfunga macho. Nyati aliweka kwato juu ya kaburi la Bi Kongoni. Kiboko akamsukuma kidogo apate nafasi, akaweka mguu wake.

"Marehemu alikuwa na akili timamu?" aliuliza Bi Mbuni.

"Timamu kabisa!" alisema Nyati.

"Hakulaghaiwa na mtu?"

"Nani amlaghai yule?" alisema Kiboko. "Mwanamke mwerevu vile!"

"Na kule kukuambia umekonda?"

Kiboko alikohoa. "Siku zile... siku zile nilikuwa nimepungua kidogo."

"Mnaukubali wosia wote, mliousikia na msiousikia, ukiwapa na usipowapa?"

"Tunaukubali!"

"Tunaukubali! Kasuku, sema sasa, baba, ilipo chumvi!" alisema Kiboko.

Kasuku alifumba macho. Upepo ulitulia. Na sauti ya Bi Kongoni ikatoka, dhaifu kuliko mara ya kwanza, kama iliyokuwa siku ile nyuma ya mlango.

"Sikitu, mwanangu. Kho! Kho! Usilale upande unaopigwa na upepo, kifua chako si imara. Majani ya mwarobaini ni machungu, tafuna hivyo hivyo. Usicheze na watoto wanaomcheka mlemavu."

"Bado," Kiboko alinong'ona. "Chumvi inakuja."

"Shemeji Nyati atapiga kelele. Usimwogope. Hata ndama wake mwenyewe hukimbia akija, na hilo humuumiza, ila hawezi kulisema. Msalimie kila umwonapo."

Nyati aliinamisha kichwa. Sikumwona, lakini nimesimuliwa hivyo.

"Pimbi, jirani yangu. Mtoto huyu hawezi kusinzia kukiwa kimya. Mwimbie. Sauti yako ni mbaya sana, lakini ataizoea. Kho! Kho! Kho!"

Sauti ilikatika kwa muda mrefu. Kiboko alifungua mdomo, Bi Mbuni akamnyamazisha kwa bawa.

"Sikitu. Watakuambia nimekuacha. Sikukuacha. Nilipigana na ugonjwa huu siku nane, kila siku kwa ajili yako, na nimechoka. Kua taratibu, mama. Usiharakishe pembe."

Kisha, kwa sauti ndogo: "Basi, Kasuku. Ni hayo tu."

Kasuku akafunga mdomo.

Swala alikuwa akilia waziwazi, na Nungunungu aliyekuwa amelala siku zote zile alikuwa macho, machozi yanamtoka. Sikitu alisimama chini ya mgunga. Safari hii hakuzunguka shina. Alitazama juu, midomo yake ikitembea, akiyarudia maneno moja moja ili yasimpotee.

"Na chumvi?" alisema Kiboko.

"Umesikia yote," alisema Bi Mbuni.

"Sehemu yetu iko wapi? Pimbi! Ulisema tumeachiwa chumvi!"

"Mimi nilisema sijui," alijibu Pimbi. "Nilisema mara tatu. Chumvi mliileta wenyewe."

Nyati alivuta pumzi, akashusha pembe. Pimbi alibaki juu ya jiwe lake. Hapo Swala alitoka kwenye kundi, akasimama mbele ya jiwe. Punda Milia akaja na mgongo wake mgonjwa. Nungunungu akaja. Kila mmoja alilitazama kaburi, na Nyati naye akalitazama, akaona alama ya kwato zake mwenyewe juu ya udongo.

Aliinua kichwa. Akageuka, akaondoka polepole. Alipompita Sikitu, mtoto alisema, "Shikamoo, baba."

Nyati alisimama. Koo lake lilitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia. "Marahaba," alisema, akaenda zake. Kiboko alimfuata akinung'unika mpaka bwawani.

Jua lilipopungua makali, Sikitu alimjia Pimbi. "Mjomba, ulinitisha."

"Nisamehe, mwanangu. Nilijitisha na mimi."

Pimbi aliilinda chemchemi miaka mitatu. Hakuiuza, hakuigawa, hakuizungushia miiba. Aliimba kila jioni, na majirani walivumilia. Siku moja asubuhi Sikitu aliinama kunywa, na Pimbi akaona kivuli cha pembe majini: zimepanda, zimepinda, ni za mama yake kabisa. Aliwaita majirani wawe mashahidi, akamkabidhi mwenye mali mali yake kama alivyoipokea, kisha akapanda juu ya mawe yake mikono mitupu, akalia kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja.

Nami nimewakabidhi hadithi hii kama nilivyokabidhiwa, na neno lake ni hili: mwaminifu hurudisha amana nzima, na mwenye tamaa hufungwa na kiapo chake mwenyewe.